Mkono Kukakamaa Ukipiga Gitaa: Nini Hasa Kinatokea?

Kodi ya F (kodi ni mshiko wa nyuzi kadhaa zinazolia pamoja) imewakatisha tamaa wanaojifunza gitaa wengi kuliko bei ya gitaa lenyewe. Mtu anazishika C, Am na G ndani ya wiki chache, anaanza hata kuimbia nazo, kisha anafika kwenye F, ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Dakika mbili hazijaisha, nyama iliyo chini ya kidole gumba inaungua, mkono umekaza hadi karibu na kiwiko, na vidole vikiachia uzi havitaki kunyooka. Akiomba ushauri anapewa wa kila aina. Vumilia, mkono utazoea. Hiyo baridi imeingia kwenye mifupa. Kula ndizi. Nunua mpira wa kubinya uongeze nguvu. Na kwenye kwaya hakosekani wa kunong'ona kwamba kijana amepiga vizuri mno, kuna jicho la mtu hapo.

Majibu yanagongana kwa sababu kila mmoja ana tatizo lake akilini, na matatizo yenyewe yanafanana kwa nje tu. Kuna uchovu wa misuli: mkono unauma na kuwa mzito ukipiga, ukipumzika dakika kadhaa unarudi. Kuna mkakamao wenyewe: msuli unajikaza bila kuamriwa na kukataa kuachia kwa sekunde au dakika. Kuna kuumia kwa kano, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Maumivu yake huwa sehemu moja unayoweza kuinyooshea kidole, na kesho yake asubuhi bado yapo. Na kuna kubanwa kwa neva, nyuzi zinazobeba hisia na amri za ubongo, ambako dalili kubwa ni ganzi na vidole kuwashawasha. La tano ni adimu, na chanzo chake kiko kichwani. Nitalifikia mwishoni.

Wengi wanaolalamika mkono kukakamaa wana lile la kwanza, au la kwanza lililosogea mpaka likawa la pili. Hapo ndipo pa kuanzia.

Weka kiganja cha kulia juu ya kigasha cha kushoto, ile sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kisha chezesha vidole vya kushoto kama unayebonyeza nyuzi. Utasikia nyama inacheza chini ya kiganja, mbali kabisa na vidole. Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ya kazi hiyo imekaa kwenye kigasha, na inavivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo. Waya wa breki ya baiskeli unafanya kazi hivyohivyo: unabinya mpini huku juu, breki inashika kule chini kwenye gurudumu. Na kila mwenye baiskeli anajua waya uliopindwa vibaya mahali fulani unavyotaka nguvu mara mbili ndipo breki ishike. Kifundo cha mkono kilichokunjwa sana kinafanya jambo hilohilo. Jaribu sasa hivi: kunja kifundo mpaka mwisho kuelekea upande wa kiganja, halafu jaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Haifumbi vizuri. Sasa fikiria unashika kodi ya F mkono ukiwa umepinda hivyo, wimbo wa dakika saba.

Jambo la pili ni damu. Msuli unaokaza na kuachia, kukaza na kuachia, unaingiza damu kila unapolegea. Msuli uliokazwa moja kwa moja unaibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake, damu inapita kwa shida, na uchovu unakuja haraka. Ndiyo maana fundi anaweza kupiga nyundo asubuhi nzima, lakini mwambie aishike nyundo hiyohiyo mkono ukiwa umenyooka mbele yake, dakika tatu hamalizi. Kodi za kulaza kidole zinachosha kwa sababu hiyo: mkono unashika na haupati nafasi ya kuachia. Mpiga rithim anayebaki kwenye umbo moja la kodi tangu beti la kwanza hadi sebene liishe ana kazi ngumu kuliko inavyoonekana kutoka kwenye viti. Mpiga solo naye kwenye sebene anarudia kifungu kifupi kilekile, dakika baada ya dakika, misuli ileile na kano zilezile.

Swali linalofuata ndilo watu wengi hawajiulizi: uzi unahitaji kubonyezwa kwa nguvu kiasi gani? Kuna namna ya kupima bila kifaa. Weka kidole juu ya uzi bila kuubonyeza, karibu kabisa na freti, vile vyuma vinavyokatisha shingo ya gitaa, upande wa kuelekea kwenye funguo za kukazia nyuzi. Piga uzi kwa mkono mwingine. Utatoa mlio mfu. Endelea kuupiga huku ukiongeza nguvu ya kidole kidogokidogo: kwanza utakwaruza, halafu ghafla utatoa sauti safi. Simama hapo hapo. Nguvu hiyo ndiyo yote inayotakiwa. Ukiongeza zaidi sauti haiwi nzuri, na kwenye gitaa lenye nyuzi nyembamba inapanda kidogo na kutoka kwenye tyuni. Kila ninayemfanyisha zoezi hili anacheka, kwa kuwa alikuwa akitumia mara kadhaa ya nguvu hiyo. Ukiweka kidole katikati ya freti mbili, au mbali na freti, hesabu inabadilika na utalazimika kubonyeza zaidi. Sentimita moja tu ya kusogeza kidole inaweza kukuondolea nusu ya shida.

Kidole gumba ndicho mchochezi mkubwa. Kinakaa nyuma ya shingo, hakionekani, na kadiri vidole vinne vya mbele vinavyobonyeza nacho kinasukuma kurudisha. Wakikazana, pande zote zinachoka na hakuna aliyeshinda. Zoezi la kukirudisha kwenye adabu ni rahisi: kaa na gitaa, tuliza tumbo la gitaa kwa kigasha cha mkono wa kulia, kisha shika kodi ya kawaida huku kidole gumba umekiondoa kabisa kwenye shingo. Utaona kodi bado inalia. Kinachovuta vidole kwenye nyuzi ni uzito wa mkono unaoning'inia kutoka begani. Huwezi kupiga wimbo mzima hivyo, ila ukikirudisha kidole gumba kitarudi kikiwa mpole.

Tukiwa bado kwenye F, kuna siri ambayo ingetakiwa kuwa somo la kwanza. Kidole cha shahada kimelala juu ya nyuzi sita, lakini si zote zinazokitegemea. Kidole cha kati kinashika uzi wa tatu, cha pete uzi wa tano, cha mwisho uzi wa nne. Zinabaki tatu: ule mnene kabisa wa sita, na zile nyembamba mbili, ya pili na ya kwanza. Sehemu ya katikati ya kidole inaweza kulegea isifanye lolote, na kodi ikalia yote. Kigeuze kidogo kidole hicho cha shahada kilalie ubavu wake wa upande wa funguo, ambako ni pagumu kuliko upande wa nyama laini. Na usianze kujifunzia freti ya kwanza, ambako uzi ni mgumu kuliko mahali pengine pote kwa kuwa uko jirani na kizingiti cha juu, kile kipande chenye mifereji ambacho nyuzi zinakipita zikielekea kwenye funguo. Lipeleke umbo lilelile freti ya tano, ambako linakuwa A, lizoee hapo, kisha shuka freti moja kila siku chache.

Hapo nimelisema kizingiti, na ni lazima niseme wazi: mara nyingi mwenye makosa ni gitaa. Magitaa ya bei nafuu yanakuja na nyuzi zilizo juu sana ya shingo, na mtoto wa watu anaamini mkono wake ndio dhaifu. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, halafu chungulia pengo lililobaki kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Likiwa la kupitisha karatasi, sawa. Ukiona mwanga wa kutosha, kizingiti ni kirefu na kila kodi ya hapo chini inakugharimu bure. Kisha angalia freti ya 12: kwenye gitaa la nyuzi za chuma, pengo la milimita 2 hadi 3 linavumilika, likifika 4 au 5, mkono wowote utalalamika. Fundi anayejua kazi atasaga kizingiti, atapunguza mfupa wa chini unaobeba nyuzi kwenye tumbo la gitaa, na kama shingo imepinda ataikaza au kuilegeza kwa chuma kilichopitishwa ndani yake. Unyevu wa Pwani na joto la buti ya gari vinapinda shingo bila kelele, kwa hiyo gitaa lililokuwa jepesi mwaka jana linaweza kuwa gumu mwaka huu, na wewe ukadhani umezeeka.

Kuna kosa moja ninalolikuta kila mara: gitaa la klasiki, lililotengenezewa nyuzi za nailoni, limefungwa nyuzi za chuma kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani, au kwa sababu zinalia zaidi kanisani. Seti ya nailoni inavuta shingo kwa nguvu ya kiasi cha kilo 40 kwa jumla. Seti ya chuma ya namba 12 (namba ni unene wa uzi mwembamba kabisa) inavuta zaidi ya kilo 70. Shingo inakunjwa, tumbo la gitaa linavimba nyuma ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa, nyuzi zinapanda, na mpigaji anaanza kutafuta dawa ya kuchua. Hata kwenye gitaa linalostahili chuma, kushuka kutoka namba 12 hadi namba 10 kunapunguza mvuto mpaka karibu kilo 60, na vidole vinajua tofauti hiyo siku ileile. Ukipenda zaidi, legeza tyuni nusu sauti au sauti nzima na utumie kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, kurudi kwenye ufunguo wa mwimbaji. Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani huko Birmingham mwaka 1965. Akajitengenezea kofia za vidole, akafunga nyuzi nyembamba zikiwemo za banjo, na baadaye akashusha tyuni ili nyuzi zilegee. Muziki mzito uliotokana na hapo hauna hata chembe ya unyonge, kwa hiyo anayekucheka kwa kutumia nyuzi laini mwache acheke.

Mwili nao una mambo yake. Kiti cha plastiki chenye mikono kinasukuma viwiko juu na mabega yanapanda; tafuta stuli, au kaa ukingoni. Mkanda uliolegezwa mpaka gitaa likafika mapajani unapendeza kwenye picha, lakini unakilazimisha kifundo cha kushoto kukunjika vilevile kama kwenye jaribio la ngumi. Ukisimama, gitaa likae karibu pale linapokaa ukiwa umeketi. Na jambo ambalo mafundi mitambo hawaambiwi: mpigaji asiyesikia sauti ya gitaa lake hubonyeza na kupiga kwa nguvu zaidi bila kujua. Nusu ya mikono inayokakamaa kwenye mikesha ingepona kwa kumwelekezea mpiga gitaa spika moja ndogo.

Turudi kwa washauri wetu. Anayesema vumilia ana ukweli kidogo: ncha za vidole zinaota sugu na kuacha kuuma, na misuli inapata uzoefu. Lakini maumivu ya ncha za vidole na maumivu ya kigasha au kifundo ni vitu viwili. Ya kwanza unaweza kuyavumilia, ya pili yanakwambia uache kwa leo. Wanaoumia vibaya mara nyingi si wanaoanza. Ni wale waliokuwa wakipiga nusu saa kwa siku, kisha ikatangazwa kuna kurekodi albamu ya kwaya wiki ijayo, wakapanda hadi saa nne au tano kwa siku. Kano hazijui tarehe ya studio. Vipindi vifupi vya dakika kumi na tano, mapumziko katikati, mara mbili au tatu kwa siku, vinajenga mkono kuliko kikao kimoja kirefu.

Mpira wa kubinya unaipa kazi misuli ileile iliyochoka tayari. Mkono unaoweza kubeba ndoo ya maji una nguvu za kutosha kushika F. Ukitaka zoezi, zungushia mpira laini wa kufungia noti kwenye vidole na uvifungue kwa nje. Misuli ya kufungua ndiyo inayosahaulika. Ndizi, chumvi na maji vina nafasi yake kwa aliyetoka jasho usiku kucha kwenye jukwaa lenye joto, na hakuna ubaya kula ndizi. Ila jiulize: kama tatizo lingekuwa chumvi kupungua mwilini, kwa nini inakakamaa kigasha cha kushoto peke yake na vigimbi vya miguu viko salama? Tatizo la mkono mmoja lina sababu iliyo kwenye mkono huo.

Baridi haileti ugonjwa mfupani, ingawa mikono iliyopoa kweli inakuwa mizito. Ioshe kwa maji ya vuguvugu kabla ya kupiga, anza na nyimbo za polepole. Dawa ya kuchua inapasha ngozi na kupunguza hisia ya maumivu kwa muda. Hairekebishi kizingiti kirefu. Vidonge vya diklofenaki kabla ya kupanda jukwaani ni mchezo mbaya, maana vinazima kengele wakati moto unaendelea, na vikizoeleka vinaumiza tumbo na figo.

Kuna dawa nyingine ambayo hakuna anayeihusisha na gitaa. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, sipro kama inavyoitwa madukani, inanunuliwa kiholela kwa kila tumbo la kuharisha na kila mkojo unaochoma. Yeye na ndugu zake wa kundi hilo wanaweza kuvimbisha kano na hata kuzikata. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru mwaka 2008 onyo lake la ngazi ya juu kabisa kuhusu hilo liandikwe kwenye dawa hizo. Kano ya kisigino ndiyo inayoathirika zaidi, lakini za mkononi hazijasamehewa, na hatari inakuwa kubwa kwa mwenye zaidi ya miaka 60 au anayetumia dawa za steroidi. Ukianza kuumwa kano ukiwa kwenye dozi ya namna hiyo, weka gitaa chini na mrudie aliyekuandikia.

Mkono ukikakamaa katikati ya wimbo, achia. Kodi moja iliyokosekana hakuna atakayeikumbuka. Shusha mkono uning'inie, utikise, kisha unyooshe kiwiko, kiganja kikitazama juu, na kwa mkono wa pili vivute vidole chini na nyuma taratibu kwa sekunde ishirini hivi. Taratibu, kwa sababu kuvuta kwa kishindo msuli uliojikaza kunaweza kuuchana.

Ganzi ni habari nyingine. Kwenye kifundo kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na utepe mgumu, na humo zinapita kano tisa pamoja na neva moja. Kano zikivimba, neva inakosa nafasi. Dalili zake ni ganzi ya kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na mara nyingi inakuamsha usiku ukikung'uta mkono. Ganzi ikiwa ya kidole cha mwisho na nusu nyingine ya cha pete, neva inayobanwa ni ile ya kiwikoni, inayochukia kiwiko kukunjwa muda mrefu. Wenye kisukari, wenye upungufu wa homoni ya tezi la shingo na wajawazito wanapata ganzi ya kifundo kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kupima sukari si kupoteza hela. Usisubiri ukiona vitu vinakuponyoka, nyama ya chini ya kidole gumba inapungua, kidole kinakwama kikikunjwa na kufunguka kwa kuruka, au maumivu hayajaondoka baada ya wiki mbili za kupumzika. Na mkono ukilegea ghafla pamoja na mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito, hicho ni kiharusi. Hospitali saa hiyohiyo.

Lile la tano linaitwa distonia ya mwanamuziki. Halina maumivu, au lina maumivu kidogo tu. Mtu amepiga miaka mingi, ni hodari, kisha kidole kimoja au viwili vinaanza kujikunja vyenyewe au kujinyoosha visivyoamriwa, na vinafanya hivyo akiwa na chombo mikononi tu. Akifunga vifungo vya shati, akiandika, akila ugali, viko sawa. Ndiyo maana watu wanakimbilia uchawi: ugonjwa gani huu unaochagua gitaa? Ubongo, kwa kurudia tendo moja dogo na gumu kwa miaka, unapoteza mipaka kati ya amri za kidole kimoja na cha jirani yake. Mpiga piano wa Marekani Leon Fleisher alipatwa na hali hiyo kwenye mkono wa kulia miaka ya 1960, akaishi kwa kupiga muziki wa mkono wa kushoto na kufundisha, na akarudi kwenye mikono miwili miaka ya 1990, sindano za botoksi, dawa ya kulegeza misuli, zikimsaidia. Mpiga gitaa Billy McLaughlin, wa Marekani pia, alianza upya kabisa kwa kubadilisha mikono. Hapa mazoezi zaidi yanaharibu, na kuchua hakusaidii. Anayestahili kumwona ni daktari wa mishipa ya fahamu kwenye hospitali ya rufaa, na aende na gitaa lake, kwa sababu akiwa amekaa mikono mitupu mbele ya daktari hakuna dalili itakayoonekana.